Kinga huwekwa kabla mwanga haujaingia



Kuna kitu unachokiona kila siku ya maisha yako, lakini huenda hujawahi kukitazama hata mara moja. Kitu hicho ni Jua. Mwanga wake ndio uliokuamsha leo asubuhi, ndio uliokausha nguo uliyovaa kwenda ibadani, na ndio uliokusindikiza njia nzima. Lakini ukiinua uso ulitazame lenyewe, macho yanajifunga na shingo inageuka.

Wapo watu wanaojitolea kuwawezesha wenzao kulitazama. Baadhi yao ni walimu na wahadhiri, wengine ni wapenzi tu wa elimu ya anga wenye darubini zao. Huzisimamisha mchana kweupe kwenye uwanja wa shule, kwenye bustani ya mji au kando ya barabara, kisha humkaribisha kila apitaye. Watu hupanga foleni, na kila mmoja huinama kwa zamu yake na kuchungulia kwa nusu dakika.

Anachokiona ni duara safi lenye ukingo uliokatika vizuri, la rangi ya chungwa au nyeupe kulingana na kichujio kilichotumika. Mara nyingi juu ya duara hilo kuna vidoa vyeusi, vidogo kama punje za ufuta. Msimamizi humweleza kwamba Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, kwamba upana wake ni mara 109 ya upana wa Dunia, na kwamba baadhi ya zile punje za ufuta ni kubwa kuliko Dunia hii tunayogombania mipaka ya viwanja vyake. Watu wengi huinuka pale wakiwa kimya. Zaburi ya 19, inayosema kwamba mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu, haimhitaji mhubiri mahali kama hapo.

Lakini leo sitaki tukae kwenye uzuri wa kile kinachoonekana. Nataka tumtazame yule anayesimama kando ya darubini, kwa sababu kazi anayoifanya inafafanua mstari mmoja wa Biblia ambao husomwa kwa nadra sana makanisani. Mstari huo ni Kumbukumbu la Torati 22:8.

Humo Mungu anamwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za kule zilikuwa na paa bapa, na watu walilitumia kama sehemu ya nyumba. Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyapanga juu ya paa lake. Petro alipanda juu ya paa kusali kule Yafa. Paa halikuwa mahali pabaya. Mungu hakusema watu wasipande, wala hakusubiri mtu aanguke ndipo atoe agizo. Alisema ukingo uwekwe wakati nyumba inajengwa.

Sasa turudi kwenye darubini. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga. Mchana, tundu la jicho lako lina upana wa milimita 2 au 3 tu. Darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 10 hukusanya mwanga zaidi ya mara 1,000 ya ule unaoingia kwenye jicho tupu, kisha huubana na kuupitisha mahali padogo. Usiku nguvu hiyo ni baraka, kwa kuwa nyota hafifu huonekana. Mchana, ukiielekeza kwenye Jua bila kinga, nguvu ileile huliunguza jicho mara moja.

Kwa hiyo anayesimamia darubini huanza kazi kabla watu hawajafika. Hukichukua kichujio cha Jua, ambacho huruhusu takriban sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga kupita, na kukikagua kama kimechanika au kina tundu hata la sindano. Akiona kasoro, hakitumii. Kikiwa kizima, hukifunga mbele kabisa ya darubini, mahali mwanga unapoingilia, tena hukifunga kwa nguvu ili upepo au mkono wa mtoto usikitoe.

Sikiliza vizuri hapo, ndugu yangu: kinawekwa mbele. Zamani darubini nyingine za bei nafuu ziliuzwa na vioo vidogo vyeusi vya kufungwa nyuma, karibu na jicho. Vioo hivyo vimeleta hatari kubwa, maana mwanga hufika pale ukiwa umeshakusanywa na kubanwa. Kioo hupata joto, na kinaweza kupasuka ghafla wakati mtu anachungulia. Vivyo hivyo, ile miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua inafaa kwa macho matupu, lakini ukiivaa na kuchungulia kwenye darubini isiyo na kichujio mbele, mwanga uliokusanywa utaitoboa miwani na jicho. Kinga ni kinga ikiwekwa pale mwanga unapoingilia. Ikicheleweshwa hadi moto umeshakusanyika, haifai kitu.

Kuna jambo jingine. Darubini nyingi hubeba mgongoni darubini ndogo ya kulengea. Mtu anaweza kuifunika ile kubwa vizuri sana, akaisahau hii ndogo. Mtoto mwenye shauku huchungulia hapo hapo, kwa sababu iko wazi na inamtosha kimo. Msimamizi mwenye busara huifunika au huiondoa kabisa. Ataelekezaje darubini bila hiyo? Hutazama kivuli chake ardhini. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, anajua darubini imelielekea Jua sawasawa, wala hakuhitaji kuinua macho.

Na akishamaliza yote hayo, haondoki. Hata dakika moja. Akitaka kwenda kunywa maji, huielekeza darubini kando au humwachia mwenzake aliyefundishwa.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu Jua huunguza bila kuuma. Utando ulio nyuma ya jicho, unaoitwa retina, hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu huungua pale pale, asijue. Atarudi nyumbani, atakula, atalala. Baada ya saa kadhaa, au asubuhi anapofungua Biblia yake, ndipo anapoona kiza katikati ya kila anachokitazama. Wengine hupona sehemu kwa miezi kadhaa, na wengine hubaki hivyo maisha yao yote.

Baada ya kupatwa kwa Jua kulikoonekana Marekani tarehe 21 Agosti 2017, madaktari wa New York walipiga picha ndani ya jicho la mgonjwa mmoja aliyetazama bila kinga ya kutosha. Walikuta kovu lenye umbo la hilali. Siku ile Mwezi ulikuwa umelifunika Jua sehemu, likabaki hilali, na hilali hiyohiyo ndiyo iliyojichora ndani ya jicho. Kile alichokitazama kilimwachia picha yake.

Mpendwa msomaji, mimi sijui mfano ulio karibu zaidi na namna dhambi inavyofanya kazi. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anaeleza jinsi tamaa inavyobeba mimba, ikazaa dhambi, na dhambi ikikomaa ikazaa mauti. Ni safari ya hatua kwa hatua, na katika hatua za kwanza hakuna anayelia. Mweka hazina aliyeazima elfu ishirini ya kikundi akiwa na nia ya kurudisha Ijumaa hakusikia maumivu yoyote. Kijana aliyepewa simu usiku peke yake chumbani hakupiga kelele. Kama dhambi ingeuma siku ya kwanza kama mkaa wa moto unavyouma, tungeitupa. Lakini huunguza pale pasipo na mishipa ya maumivu, kisha hutuachia ndani umbo la kile tulichokuwa tukikitazama.

Tulijifunza jambo jingine hapa kwetu tarehe 1 Septemba 2016. Siku ile, karibu na saa sita mchana, Mwezi ulipita mbele ya Jua na kuliacha likiwa pete ya moto angani. Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, palikuwa miongoni mwa mahali bora pa kuitazama, na watu wengi walikusanyika huko na miwani yao maalumu. Ukumbuke kwamba hata pale Jua lilipofunikwa sehemu kubwa kabisa, miwani haikupaswa kuvuliwa. Ile pete nyembamba iliyobaki ilitosha kuunguza jicho. Hatari ni kubwa zaidi Jua linapopungua ukali, kwa sababu siku za kawaida mwangaza wenyewe hutufukuza, lakini likipungua tunadhani limekuwa rafiki.

Kila linapotokea jambo kama hilo, utaona makosa mawili miongoni mwetu. Wapo wanaowafungia watoto ndani, wakisema ni ishara mbaya, wasitazame wala wasiulize. Na wapo wanaowaachia watoto wahangaike na vipande vya vioo vilivyopakwa masizi, filamu za eksirei na beseni la maji, vitu ambavyo havilindi jicho. Wa kwanza wamelinda macho lakini wamenyima kuona. Wa pili wameruhusu kuona lakini hawakulinda macho. Yule wa kando ya darubini anafanya tofauti na wote wawili. Anafunga kichujio, kisha anamwita mtoto: njoo utazame, nipo hapa.

Je, hivyo sivyo Mungu mwenyewe alivyomtendea Musa? Katika Kutoka sura ya 33, Musa aliomba kuuona utukufu wa Bwana. Jibu lilikuwa zito, kwamba hakuna mwanadamu awezaye kuuona uso wa Mungu akaishi. Lakini Mungu hakuishia hapo. Alimwekea Musa nafasi katika ufa wa mwamba, akaahidi kumfunika kwa mkono wake hadi atakapokwisha kupita, kisha Musa aone kile anachoweza kukiona. Mkono ule haukuwa wa kumnyima. Ulikuwa ndio njia pekee ya Musa kuona na kubaki hai. Na wakati ulipotimia, utukufu uleule ulitujia ndani ya mwili wa mtoto wa Mariamu, ukatembea Galilaya, na wavuvi wakaula nao mkate bila kufa.

Kwa hiyo usidharau kinga, ukidhani ni kukosa imani. Watumishi wa Mungu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulitazama Jua kwa darubini, na walijifunza uangalifu mapema. Mwaka 1611 David Fabricius, mchungaji wa Kilutheri katika kijiji cha Osteel huko Ujerumani, alishirikiana na mwanawe Johannes kuyachunguza madoa ya Jua. Mwanzoni walichungulia moja kwa moja Jua likiwa chini karibu na upeo, jambo ambalo wewe usilijaribu. Baadaye waliona ni afadhali kuiacha taswira ya Jua iingie kwenye chumba chenye giza na kuangukia mahali pa kuitazamia. Mwaka uleule Johannes alichapisha kijitabu kuhusu madoa hayo. Muda mfupi baadaye Benedetto Castelli, mtawa wa Mtakatifu Benedikto na mwanafunzi wa Galileo, alionyesha jinsi darubini inavyoweza kuitupa taswira ya Jua juu ya karatasi, na Galileo aliitumia njia hiyo. Kwa njia ya karatasi, hakuna anayehitaji kuchungulia. Watu huizunguka na kuona pamoja, na msimamizi huhakikisha kwamba hakuna anayeingiza kichwa kati ya darubini na karatasi.

Sasa naomba nikuulize jambo linalohusu kanisa lako. Ukingo wa paa uko wapi?

Nani huhesabu sadaka baada ya ibada? Kama ni mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, umejenga nyumba bila ukingo. Fedha za kikundi chenu hutolewa kwa sahihi za wangapi? Kwaya ya watoto inaposafiri, wako watu wazima wangapi, na nani analala karibu na nani? Mwalimu wa shule ya Jumapili, au kiongozi yeyote, anaweza kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana? Mchungaji anapomshauri mtu mwenye shida za ndoa, kuna dirisha au mtu aliye karibu?

Usiniambie kwamba maswali haya ni ya kutoaminiana. Nimesikia mara nyingi kauli ile ya kuumizwa: ina maana hamniamini? Ndugu yangu, yule mwenye darubini hufunga kichujio hata anapochungulia mwenyewe. Hajajitukana. Anajua tu kwamba jicho lake ni jicho kama la wengine. Mtumishi anayekubali kuhesabiwa mbele ya wenzake halindi fedha tu. Analinda jina lake siku hesabu itakapoulizwa.

Na usisahau ile darubini ndogo ya mgongoni. Makanisa mengi hukagua mfuko wa ujenzi kwa makini, kwa stakabadhi na vikao. Lakini michango ya msiba hupita mkononi, na fedha za chai na za nauli hazina daftari. Wengi walioanguka hawakuangukia kwenye lango kubwa. Waliangukia hapo padogo ambapo hakuna aliyekumbuka kufunika.

Linalonigusa zaidi ni hili. Mtu anapoanguka, tunajua kuhukumu. Tunamsimamisha uongozi, tunamtaja kwenye mazungumzo ya baada ya ibada, tunatikisa vichwa. Ni kweli, aliyeanguka ana hesabu yake mbele za Mungu, na aliyeumizwa anastahili haki bila kufichwa. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:8 inazungumza pia na nyumba. Inauliza juu ya mjenzi aliyejua watu watapanda, akaacha ukingo wazi kwa kubana gharama, au kwa kuona haya kuuliza, au kwa kusema sisi hapa wote ni watu wa Mungu. Mungu haoni haya kusema kwamba damu inaweza kuwa juu ya nyumba.

Huenda unasoma haya ukiwa umeshaungua. Kuna doa katikati ya maisha yako na unalijua wewe na Mungu. Usikae gizani peke yako. Mtu aliyeumia jicho kwa Jua huambiwa awahi kwa daktari wa macho, asisubiri aone kama litapita. Nawe wahi. Mtafute kiongozi mwaminifu, sema kweli, rudisha kinachoweza kurudishwa. Paulo anawaagiza Wagalatia wamrejeze aliyenaswa katika kosa kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Na Bwana wetu alipokutana na Bartimayo kule Yeriko hakumpita. Alimwita, akamuuliza anataka afanyiwe nini.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, Jua litapatwa kabisa katika nchi za kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki itaona likipatwa kwa sehemu tu. Kwetu sisi, kwa kuwa halitafunikwa lote, hakutakuwa na sekunde hata moja ya kulitazama kwa macho matupu. Ingekuwa vizuri makanisa na shule zetu zikajiandaa mapema kwa miwani iliyothibitishwa, au kwa karatasi mbili tu: moja yenye tundu dogo, na nyingine chini yake ya kupokea taswira. Mpe Jua mgongo, liache lipite kwenye tundu, na watoto wote wataona hilali zake zikicheza kwenye karatasi. Tusiwafungie ndani, na tusiwaache peke yao.

Lakini ukingo wa nyumba yako usiusubirishe hadi 2027. Leo jioni, baada ya chakula, panda juu ya paa lako, kwa maana ya kuzunguka maisha yako, na uangalie ni wapi mtu anaweza kuanguka. Inawezekana ni simu ya mtoto, au daftari la kikundi lenye mwandishi mmoja, au urafiki ambao unaona haya mwenzi wako akiujua. Ukipaona, anza kujenga hapo.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemfunika Musa kwa mkono wako, tufundishe kuwafunika wenzetu kabla hawajaumia. Utupe unyenyekevu wa kukubali kulindwa, na upole kwa walioanguka. Utuoneshe utukufu wako kwa kadiri tunavyoweza kuuona na kuishi. Amina.